Uzinduzi wa Video Isiyoonekana

Raheli, mwalimu wa Kwaya ya Umande, alikuwa amezoea kupambana na sauti za watu. Aliwahi kumfundisha seremala aliyeimba besi kama mtu anayesukuma kabati, na mwishowe yule bwana akaimba hadi akapewa ubeti wake mwenyewe. Kwa hiyo siku video ya kwaya ilipokataa kuonekana mbele ya mgeni rasmi, Raheli alidhani ni jambo la subira tu. Alikuwa hajajua kwamba mashine haina aibu, na kamati nayo haina.

Video yenyewe ilipigwa kiangazi kilichopita. Kwemzindu ni kijiji cha milimani, juu ya mji wa Lushoto. Watu wake wanalima kabeji, viazi na peasi, na baridi yake haina mzaha. Hashimu, mpiga video kutoka Mombo ambako joto halina msimu, aliwapeleka wanakwaya kwenye maporomoko, akawasimamisha majini hadi magotini na sare zao nyepesi za njano, kisha akawaambia watabasamu. Walitabasamu kwa utiifu, midomo ikitetemeka. Aliyetabasamu kwa raha yake alikuwa Lucy, mwenye sauti ya kwanza. Yeye ndiye aliyeongoza wimbo mkubwa wa albamu ile, wa kumwomba Bwana amvushe bonde lililojaa ukungu.

Masika yalipoingia Lucy aliugua kifua. Alipelekwa hospitali, akakaa siku chache, akafariki. Video ilikuwa bado iko kwa Hashimu, haijakamilika.

Mama yake Lucy aliitwa Mama Valentino, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa Mkatoliki wa Rangwi, na katika kanisa la Kilutheri la Kwemzindu, alikoolewa binti yake, alikuwa ameingia siku ya harusi na siku ya mazishi tu. Aliposikia kuna uzinduzi alikuja bila kualikwa. Alifika kwa Raheli Jumamosi jioni na mfuko wa maharage, akaketi jikoni karibu na moto.

"Picha za kusimama ninazo," alimwambia Raheli. "Ya kipaimara, ya shule, ya harusi. Zote kakakamaa kama nguzo. Mimi nataka kumwona akijongea. Nimwone anavyogeuza shingo."

"Utamwona, mama," alisema Raheli. "Kesho utamwona mpaka umchoke."

Maandalizi yote yalikuwa mikononi mwa Kamati ya Habari ya usharika, na Kamati ya Habari ilikuwa mikononi mwa katibu wake, Benjamini. Huyu alisomea kompyuta Tanga mjini, na tangu arudi hakuna aliyemsikia akitamka neno "laptop". Yeye alisema "kompyuta mpakato". Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, anayefika kanisani kabla ya kengele. Kasoro yake ni moja: aliupenda utaratibu kuliko kile ambacho utaratibu uliwekwa kwa ajili yake.

Jumapili asubuhi Raheli alimkuta akikunja riboni nyekundu juu ya kisanduku kidogo. Ndani ya kisanduku kulikuwa na flashi iliyobeba video.

"Katibu, mmeijaribu hiyo?"

Benjamini alimtazama kwa huruma. "Mama Mwalimu, video ya uzinduzi haijaribiwi. Ikijaribiwa inakuwa imeshazinduliwa."

Raheli alitaka kujibu, lakini kwa bahati mbaya maneno yale yalikuwa na mantiki fulani, na watu walikuwa wameanza kuingia kwa ibada. Akaenda kuwapanga waimbaji wake.

Mgeni rasmi alikuwa Bwana Ulimboka, meneja mstaafu wa shamba la chai, mtu wa Mbeya aliyestaafu na kuoa huku huku milimani. Alikuwa mtu wa adabu nyingi na maneno machache, na hayo machache aliandikiwa. Baada ya ibada alisimama, akakata riboni, vigelegele vikapigwa, flashi ikatolewa na kupokelewa na Benjamini kwa mikono miwili kama kikombe cha ushirika. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Projekta ikawashwa ikielekea shuka jeupe ukutani. Benjamini akachomeka flashi kwenye kompyuta mpakato, akabonyeza.

Spika zikatoa mlio wa maporomoko. Kisha kinanda kikaingia, kisha kwaya. Sauti ilikuwa safi, inajaza kanisa mpaka kwenye kenchi za paa. Shukani palikuwa peusi tii.

Watu walipiga makofi. "Imeanza na usiku," bwana mmoja alimweleza mkewe. "Ndiyo mtindo wa siku hizi. Kutapambazuka."

Wimbo wa kwanza ukaisha. Hakukupambazuka.

Benjamini alisimamisha, akaanza upya. Usiku ule ule. Alichomoa flashi, akaichomeka upande wa pili. Alizima kompyuta, akaiwasha. Alizima projekta, ikakataa kuwaka mpaka ipoe, na wote wakakaa kuisubiri ipoe katika baridi ambayo ingepoza hata jiko la mkaa. Kisha akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, Bwana asifiwe."

"Amina."

"Tunayo changamoto ndogo ya kimfumo. Kamati inaifanyia kazi."

Kamati ilikuwa watu watano, na wote walisogea mezani kuifanyia kazi. Mmoja alisema ni umeme mdogo. Mwingine alisema ni unyevunyevu, flashi ililala mahali penye ukungu. Wa tatu alishauri wasogeze shuka, pengine picha inapita pembeni. Mzee Tobia, mzee wa kanisa aliyekuwa na redio tangu vijana wengi hawajazaliwa, aliomba flashi, akaipuliza kwa nguvu zote pande zote mbili, akaifuta kwa koti, akairudisha.

"Sasa," alisema.

Usiku.

Kutoka benchi za nyuma bibi mmoja mwenye sauti kavu aliuliza kitu ambacho wengi walikuwa wanakitafuna kimyakimya. "Kwani kwaya si hii hapa? Si waimbe tuwaone?"

Kicheko kikapita. Kweli Kwaya ya Umande nzima ilikuwa imeketi upande wa kushoto, imevaa zile zile sare za njano, ikisubiri kujitazama.

"Mama," Benjamini alijibu kwa upole, "leo hatuzindui kwaya. Kwaya ilishazinduliwa. Leo tunazindua video."

Raheli alimtazama Mama Valentino, aliyewekwa benchi la mbele kama mfiwa. Mama alikuwa ameukazia macho ule weusi wa shukani kana kwamba ni yeye tu asiyeona vizuri. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

Benjamini akampigia Hashimu, akaweka simu kwenye spika ya nje ili kamati isikie. Hashimu alikuwa Korogwe kwenye harusi, na nyuma yake ngoma ilikuwa inavuma.

"Video haina kosa, Katibu!" alipiga kelele Hashimu. "Nimeihifadhi kwa mtindo mpya, ili isiwe nzito na picha iwe kali. Hiyo programu yako ya kuchezea ni ya zamani, sauti inaijua ila picha haijui kuisoma. Pakua nyingine! Ya bure! Ile yenye alama ya koni, kama za barabarani!"

"Hii yangu ni programu halali iliyokuja na mashine," alisema Benjamini.

"Hata babu yako ni halali, Katibu, lakini haoni!" Ngoma ikazidi. Hashimu akaongeza maneno mengine ambayo Benjamini aliyasikiliza peke yake, simu ikiwa sikioni, kisha akakata.

Ikabidi apakue. Aliunganisha kompyuta mpakato na bando la simu yake, akaisogeza dirishani kunakoshika mtandao. Mashine ile ilikuwa haijaonja intaneti tangu mwaka uliopita. Ilipoionja tu, ilisahau koni na video na usharika mzima, ikakumbuka mambo yake yenyewe. Skrini ikageuka buluu, na maandishi yakatokea yakimwomba kila mtu asiizime kwa sababu inajiboresha.

Kwa kuwa projekta ilikuwa bado imeunganishwa, hiyo ndiyo ikawa picha ya kwanza kuonekana shukani siku ile. Watu walipiga makofi. Kisha wakaketi wakitazama hesabu ya asilimia ikipanda, na ilipopanda baada ya kimya kirefu kutoka nne hadi tano, kuna aliyesema "Haleluya".

Bwana Ulimboka alitazama saa yake kwa adabu. Mchungaji alimwona, akamnong'oneza Benjamini. Benjamini alimgeukia Mzee Tobia, akamwita kwa heshima ya Kisambaa.

"Mgoshi, ile deki yako ya video ya nyumbani inasoma flashi?"

"Inasoma mpaka mawazo," alisema Mzee Tobia.

Deki ililetwa kwa pikipiki, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, na Mzee Tobia hakukubali kitambaa kiondolewe mbele za watu mpaka ifike mezani. Ikachomekwa. Ikafikiri. Kisha ikaandika kwa Kiingereza, Benjamini akatafsiri: haitambui picha ya aina hii. Sauti ikatoka nzuri kabisa, maji, kinanda na kwaya, gizani.

Hapo ndipo Benjamini alipopata wazo. Ubaya wa mawazo ya namna hii ni kwamba humjia mtu aliyechoka, mbele ya watu waliochoka zaidi, hivyo hakuna mwenye nguvu ya kuyapinga. Alimwita Raheli pembeni, pamoja na Mchungaji.

"Sauti tunayo," alisema. "Kinachokosekana ni picha. Na picha ni ninyi. Kwaya isimame mbele ya shuka, deki ipige sauti, ninyi mfumbue midomo na mfanye vitendo vile vile vya kwenye video. Hapo tutakuwa tumeonyesha sauti na picha kwa pamoja."

Raheli alidhani hajasikia vizuri. "Tusimame mbele za watu, tujifanye tunaimba wimbo wetu?"

"Msitoe sauti. Mkitoa zitakuwa sauti mbili."

"Katibu, tunaweza kuimba. Ni kazi yetu."

"Mkiimba hiyo ni ibada, Mama Mwalimu. Ratiba inasema uzinduzi."

Mchungaji alishusha pumzi. "Mama Mwalimu, mgeni anataka kuondoka. Tusaidie."

Raheli alimheshimu Mchungaji. Akakubali, na moyo wake ukawa kama mtu aliyevishwa kiatu cha mwingine. Ndipo akakumbuka.

"Na ubeti wa Lucy?"

Benjamini alilifikiria hilo kwa haki. "Janeth atakaimu nafasi ya Lucy."

Janeth, aliyekuwa ameketi karibu, alisikia jina lake akainuka. "Mimi? Nimfumbulie marehemu mdomo, na mama yake ameketi pale? Sikaimu."

"Basi ubeti wake ukifika, wote tutafunga midomo," alisema Raheli.

"Itaonekana kama hitilafu," alisema Benjamini.

"Ipo hitilafu gani ambayo leo haijaonekana?"

Kwaya ikasimama. Deki ikawashwa. Waimbaji wa Kwemzindu wakafumbua na kufumba midomo, wakinyanyua miguu kwa uangalifu kana kwamba wamo majini, kwa sababu ndivyo walivyofanya kwenye video. Seremala wa besi alijisahau akatoa sauti, Benjamini akamnyooshea kidole. Watoto walicheka waziwazi, watu wazima wakacheka ndani ya viganja. Raheli alielekeza kwa mikono kwaya isiyotoa sauti, ifuate kwaya isiyoonekana, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ile walipoimba wimbo wa harusi kwenye mazishi ya diwani.

Kisha ubeti wa Lucy ukafika, na midomo yote ikafungwa.

Sauti ilitoka peke yake. *Nivushe, Bwana, sioni ng'ambo.* Ilikuwa sauti pana, haina haraka, na mwishoni mwa kila mstari ilikuwa na mkwaruzo mdogo ambao Raheli aliupiga vita miaka mingi na sasa angetoa chochote ausikie tena mazoezini. Hakuna aliyecheka. Mama Valentino alifanya ishara ya msalaba, kisha akakumbuka yuko kwa Walutheri, kisha akaifanya tena kwa makusudi. Mume wa Lucy alikuwa ameinamisha kichwa hadi kwenye magoti.

Ubeti ulipoisha kwaya ilitakiwa kupokea. Raheli hakuinua mikono. Hata hivyo waimbaji walipokea, kwa sauti zao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, juu ya sauti zao za deki, na hazikulingana hata kidogo kwa kuwa deki ilikuwa mbele kidogo. Benjamini alipunga mkono, akapunga tena, kisha akauteremsha.

Bwana Ulimboka alisimama akafungua karatasi ya hotuba. Alikuwa ameandikiwa wiki iliyopita na mwanakamati wa Benjamini, naye alikuwa mtu wa kusoma alichopewa.

"Ndugu zangu," alisoma, "nimetazama video hii kwa makini sana. Niseme ukweli, sijawahi kuona picha safi namna hii. Rangi zimetulia. Waimbaji wanaonekana kama wako hapa hapa mbele yetu."

Kanisa lililipuka. Mzee Tobia alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Bwana Ulimboka aliinua macho, akawatazama wanakwaya waliosimama hatua chache kutoka alipo, akaitazama karatasi. Kitu fulani kilimpita usoni. Lakini alikuwa ameongoza shamba la chai miaka mingi, alijua hotuba ikishaanza humalizwa.

"Naipongeza Kamati ya Habari kwa umahiri wa teknolojia," alimalizia. "Natangaza rasmi kwamba video hii imezinduliwa."

Alipoondoka, kompyuta mpakato ilikuwa imefika asilimia thelathini.

Watu walitoka kwenda kula wali na nyama ya mbuzi nje ya kanisa. Mama Valentino alibaki kwenye benchi lake. Raheli alikwenda kuketi karibu naye.

"Nimemsikia," alisema Mama Valentino. "Nawashukuru. Kumwona, sijamwona."

Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Raheli. Aliinuka, akaichomoa flashi kwenye deki bila kumwomba mtu ruhusa, akampigia Hashimu kwa simu yake mwenyewe. Ngoma ya Korogwe ilikuwa imepumzika.

"Mama Mwalimu, bado mnahangaika?" alishangaa Hashimu. "Simu yoyote ya siku hizi inaifungua. Hiyo flashi ina meno mawili, la kompyuta na la simu. Nilimwambia Katibu!"

Raheli aligeuka. Benjamini alikuwa anakunja waya, na alikuwa amesikia.

"Katibu. Ulijua?"

"Simu haikuwa kwenye ratiba," alisema Benjamini. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nisingeweza kumwonyesha mgeni rasmi kitu kwenye simu, Mama Mwalimu. Watu wote wale, na simu moja."

"Mgeni rasmi umemwonyesha nini?"

Benjamini alifungua mdomo, akaufunga. Kwa leo alikuwa ameshajifunza namna yake.

Loveness, mwimbaji wa alto ambaye ni muuguzi wa zahanati, ndiye aliyekuwa na simu mpya. Alichomeka jino dogo, akagusa, na pale pale, kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, maporomoko yakaanza kumwagika meupe. Wakampa Mama Valentino. Aliishika kwa mikono yote miwili, mbali na uso, kama watu wenye miwani wanavyoshika barua. Waliobaki kanisani wakajikusanya nyuma ya mabega yake. Benjamini naye alikuja na waya mkononi.

Lucy akatokea, shingo imegeuka kidogo kushoto, anacheka kabla hajaanza kuimba.

Mama Valentino alitazama mpaka ubeti ukaisha. Kisha akasema, kwa hasira kabisa, "Mbona hakuvaa sweta?"

"Alikataa, mama," alisema Raheli. "Nilimpa la kwangu. Alisema litaficha sare."

"Ndiye huyo. Tangu mdogo, ukimwambia baridi, anakwambia hasikii." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado alikuwa anagomba. "Rudisha nyuma, mwanangu. Rudisha anapogeuka."

Loveness akarudisha. Akarudisha tena na tena, chakula kikapoa nje, na hakuna aliyemkumbusha.

Wiki iliyofuata Hashimu aliihifadhi video upya kwa mtindo wa zamani, ambao hata deki ya Mzee Tobia iliukubali. Raheli alipendekeza usharika wote uone. Kamati ilikaa, ikaona kuna kikwazo: video haiwezi kuzinduliwa mara mbili. Taarifa ya Benjamini ilikuwa imeshasomwa na kupitishwa, ikisema shughuli ilifana, na kwamba changamoto iliyobainika ni ukubwa wa shuka, hivyo linunuliwe kubwa zaidi. Mwishowe video ilionyeshwa Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, bila riboni wala mgeni rasmi, na benchi hazikutosha. Aliyechomeka flashi alikuwa Benjamini. Aliijaribu kwanza nyumbani, na alimwambia Raheli hivyo kwa kunong'ona, kama mtu anayetubu.

Mama Valentino hakuwepo. Alikuwa ameshapelekewa nakala yake Rangwi. Raheli alimpigia kumuuliza kama inacheza.

"Inacheza," alisema mama. "Valentino ameiweka kwenye televisheni. Majirani wanakuja baada ya misa. Kwaya yako inaimba vizuri, mwalimu, lakini yule bwana wa besi mbona anatetemeka vile?"

"Alikuwa anasikia baridi, mama."

"Basi angalau yeye alikuwa anaisikia," alisema Mama Valentino, akacheka, kisha akaaga kwa sababu chai ilikuwa inachemka.